Barua za Mama na Sanduku la Kukodi

Wengi waliotiwa laini ya intaneti nyumbani miaka ya nyuma walipewa na anwani ya barua pepe juu yake, kama mnunuzi wa mchele anavyotiliwa nyongeza. Kampuni haikutoza kitu kwa anwani ile, nasi hatukuuliza ni mali ya nani. Mama yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alipewa yake, akaiandika kwa wino katika daftari lake, na kwa miaka 11 dada yangu mkubwa, aliyeolewa Muscat, akamwandikia kwa anwani hiyo. Dada alifariki miaka 3 iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka huu kampuni ikatuarifu kwamba yaacha kabisa huduma ya barua pepe, na kwamba masanduku yote yatafungwa baada ya siku 60.

Tazameni ile alama ya @ iliyo katikati ya kila anwani. Mmarekani Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971 ili kutenga jina la mtu na jina la kompyuta inayompokelea barua. Kushoto kwake yupo mpangaji, kulia yupo mwenye nyumba. Sanduku la posta twalijua: hulipiwa kila mwaka, na asiyelipa hufungiwa. Lakini barua ya karatasi ikishatoka posta imekuwa yetu, imo mkobani. Barua pepe isomwayo katika tovuti ya kampuni haijapata kutoka posta hata siku moja. Kila tukiifungua twaisoma pale pale kaunta, kisha twairudisha.

Dawa yake ni programu ya barua pepe, iwekwayo ndani ya kompyuta ya nyumbani na kupewa anwani, neno la siri na majina ya seva za kampuni. Niliteua Thunderbird ya Mozilla kwa kuwa ni ya bure. Mama alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akaweka sharti moja.

"Zilete zote, mwanangu. Lakini usizisome."

Sharti hilo lilinishughulisha kuliko namba zote za seva. Yaliyo baina ya mama na binti aliye mbali na kwao hayakuwa yangu, ingawa mwenye barua hizo ni dada yangu wa tumbo moja. Neno la siri alilonipa lilikuwa amana.

Kijana fundi wa kompyuta niliyemtaka shauri alinielekeza kwenye njia iitwayo POP. "Ndiyo iletayo barua nyumbani, dada," akasema, na kwa hilo hakukosea. POP ni mfano wa mtoto atumwaye posta na ufunguo: hufungua sanduku, hukusanya zilizomo, huzileta. Programu nyingine, isipoambiwa iache nakala, huzifuta kule zilikotoka. Lakini mtoto huyu anajua kisanduku kimoja tu, kile cha barua zinazoingia. Folda ya barua zilizotumwa haioni, wala folda nyingine yoyote aliyoifungua mwenye anwani. Mama alikuwa akijibu kwa kutumia tovuti ya kampuni, akichapa kwa vidole viwili, na majibu yake yote ya miaka 11 yalikuwa katika folda hiyo ya zilizotumwa. Tungalifuata POP peke yake, tungalipata maswali ya binti bila majibu ya mama yake.

Nikachagua njia ya pili, IMAP. Hii haibebi sanduku. Hufungua dirisha la kulitazamia, na kupitia dirisha hilo folda zote huonekana, zilizoingia na zilizotumwa. Hatari yake ni kinyume cha ile ya kwanza. Kinachofutwa upande wa kampuni hufutika na upande wetu pia, kwa kuwa kitu ni kimoja kitazamwacho kutoka pande mbili. Kwa hiyo kuziona barua ndani ya Thunderbird si kuzimiliki. Chini ya orodha ya folda kuna mahali palipotengwa kwa barua zinazokaa ndani ya kompyuta yenyewe, zisizofungamana na anwani yoyote. Huko ndiko nilikozinakili, folda baada ya folda, nikilinganisha idadi ya kila folda na nakala yake.

Mipangilio yenyewe si kazi kubwa. Seva ya kupokea kwa IMAP huwekwa mlango namba 993, na kwa POP ni 995, yote miwili ikiwa na usalama wa kufumba maandishi njiani. Ya kutuma, iitwayo SMTP, kwa kawaida ni 587 au 465. Majina ya seva hutolewa na kampuni, na kwa haki yao, walinijibu siku ile ile.

Kuhakikisha ndiko kulikokuwa na uzito. Nakala hujulikana kuwa kamili pale laini inapozimwa na barua ikafunguka bado, na wa kuzifungua si mimi. Nikachomoa waya, nikamwonyesha Mama pa kubonyeza, nikaenda jikoni. Nilimsikia akicheka mara moja. Alikaa mpaka adhana ya alasiri, akatoka akasema zote zimo, hata ile ya kaimati zilizoungua.

Kompyuta yetu hutumiwa na wajukuu pia, na jambo hili ningependa kina mama wenzangu walitie maanani. Thunderbird ikikumbuka neno la siri, yeyote akaliaye kiti aweza kulisoma katika mipangilio, isipokuwa umeweka neno kuu la kulifunga. Na hilo kuu nalo halifungi barua zilizokwisha kuhifadhiwa. Nikamfungulia Mama akaunti yake katika kompyuta, ya kuingia yeye peke yake.

Anwani mpya hatukuichukua kwa kampuni itakayotuletea laini nyingine. Tumeteua huduma isiyofungamana na waya wa nyumba, ili tukihama tena tusihamishe na jina. Mama aliwapasha habari jamaa wa Muscat mwenyewe, kwa anwani ya zamani, siku chache kabla haijafungwa. Mimi nikafunga programu, nikanakili folda yake nzima kwenye diski ya nje. Diski hiyo imo katika sanduku la mninga chumbani kwake, pamoja na hati ya nyumba, na ufunguo anao yeye.