Sisi tunaopima unga

Nyinyi mnatufahamu. Sisi ndio wale akina mama kumi na mmoja mnaotukuta siku ya mgao, vitambaa kichwani, vumbi la unga mpaka kwenye kope, tumeshika makopo ya kupimia. Mwezi huu hatukuja kutangaza tarehe ya mgao. Tumeomba nafasi katika jarida letu la familia tuzungumze juu ya mwanamke, kazi na uongozi. Tutasema ukweli, na ukweli wenyewe unatugusa hata sisi.

Wale wa zamani watakumbuka kwamba mwaka 2001 UNHCR ilitoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi. Moja ilisema wanawake washiriki katika kamati zote za uongozi, lengo likiwa nusu kwa nusu. Nyingine ilisema kila mwanamke aandikishwe yeye mwenyewe na apate karatasi zake, asiwe tu mtu wa nyuma ya jina la mume. Nyingine ilihusu mgao wa chakula na vifaa, kwamba wanawake wawemo katika kuusimamia. Mbili zilizobaki zilikuwa juu ya vifaa vya usafi wa wanawake na wasichana, na juu ya kuzuia ukatili. Hapo ndipo mama zetu walipoanza kuitwa ghalani. Sababu yake ilikuwa rahisi: anayejua sufuria ya nyumbani inahitaji nini ndiye anayejua kopo limejaa au halikujaa.

Lakini nusu ya karatasi si nusu ya kazi. Kwa muda mrefu mikutano ya kamati ilikuwa saa kumi jioni. Saa kumi ndiyo saa ya bombani, ndiyo saa ya kuwasha moto. Tulikuwa tunafika tumechelewa, mtoto mgongoni, tunakaa mwisho wa benchi, na maamuzi yameshasomwa. Halafu tunaambiwa, "Akina mama mbona hamchangii?" Tuchangie nini, bwana, na mambo yameshakwisha? Siku moja tukaomba mkutano uwe saa tatu asubuhi, siku isiyo ya mgao. Wakakubali. Haikugharimu hata senti moja. Tangu hapo sauti zetu zinasikika, na wazee wamekiri kwamba mikutano inakwisha mapema zaidi.

Sasa tuje kwenye makosa yetu. Ulipofika uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji chetu, walisimama wagombea wawili: mzee mmoja mwenye heshima zake, na mama mmoja aliyekuwa mwalimu kule kwetu Fizi. Kura ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya mgombea. Wanawake tulikuwa wengi uwanjani siku ile, wengi kuliko wanaume. Tungetaka, mama angeshinda kabla ya saa sita. Tulikwenda wapi? Tulikwenda kusimama nyuma ya mzee. Wengine tuliogopa, maana mume anakuona mstari uliosimama na jioni utalala naye nyumba moja. Wengine tulisema eti yule mama anajisikia. Mwalimu yule alibaki na watu wachache nyuma yake, akatabasamu, akaenda zake nyumbani. Hatuwezi kuwalaumu wanaume kwa siku ile.

La pili ni zito zaidi. Katika zamu yetu kulikuwa na dada mmoja wa mizani. Alikuwa na daftari lake la mistari, anaandika kila gunia lililofunguliwa na kila familia iliyopita, na jioni hesabu yake ilikuwa inakaa sawa. Akapata mimba. Alifanya kazi mpaka mwezi wa nane, akajifungua salama, mtoto wa kiume. Aliporudi baada ya miezi mitatu, alikuta nafasi yake ina mtu. Shirika lililokuwa linatupa kazi, ambalo hatutalitaja hapa, lilimwambia kwamba orodha imeshajaa, asubiri.

Aliyepewa nafasi ile ni mmoja wetu, na anaandika makala haya pamoja nasi. Naye alikuwa na watoto wanne, na insentivu ile ilikuwa inanunua sabuni, madaftari na dagaa. Kwa hiyo tulinyamaza. Tulijiambia kwamba si sisi tuliomtoa.

Basi siku ya mgao dada yetu akaja kwenye mstari kama watu wengine, kadi mkononi, mtoto mgongoni. Alipofika kwenye mizani, mizani yake mwenyewe, hakuna hata mmoja wetu aliyeinua macho. Akasema tu, "Pimeni vizuri, akina dada." Akachukua unga wake na mbaazi zake, akaondoka. Tungependa angetutukana. Siku ile tulimaliza kazi bila mtu kuimba, na mnajua sisi tukiwa kazini huwa tunaimba.

Usiku tulikutana kwa mmoja wetu, tukazungumza mpaka koroboi ikazimika. Yule aliyechukua nafasi alilia, akasema, "Leo ni yeye. Mimi nikipata mimba, ni nani atanisemea?" Hapo ndipo tulipoelewa. Kazi ambayo mwanamke anaipoteza kwa sababu ya kuzaa haijawa kazi ya mwanamke yeyote. Tumeazimwa tu mpaka mimba inayofuata.

Tukaulizia sheria. Hapa Tanzania, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Kule Kongo sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema wiki 14. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika mkataba wake wa uzazi wa mwaka 2000, lilisema zisipungue wiki 14. Lakini sisi tunaambiwa insentivu si mshahara, ni motisha ya mtu anayejitolea, kwa hiyo sheria hizo hazitufikii. Sawa, tumesikia. Ila mtoto mchanga hajui kama mama yake ni mwajiriwa au anajitolea. Anajua kunyonya tu.

Tukaandika barua. Tulitia sahihi kumi na moja, mbili kati ya hizo ni za dole gumba, na ya kwanza kabisa ni ya yule aliyekuwa na nafasi ile. Tuliomba mambo matatu. Kwanza, mama akienda kujifungua, nafasi yake ibaki na jina lake, na anayemshikia aandikwe kuwa ni mbadala, na tarehe ya mwisho ionekane. Pili, mwenye mimba asibebe magunia, akae kwenye mizani au kwenye daftari. Tatu, nafasi zikitangazwa, tangazo lisomwe pia bombani na kliniki, lisibandikwe tu kwenye ubao wa ofisi ambako wanaopita ni wanaume.

Kiongozi mmoja alituambia, "Mkitaka usawa, bebeni magunia ya kilo hamsini kama vijana." Tukamjibu kwa heshima, "Baba, gunia tunalibeba wawili wawili na linafika. Lakini kazi hii watu wanailalamikia hesabu ikipungua, na je, katika zamu yetu imeshawahi kupungua?" Akanyamaza, akacheka kidogo.

Jibu lilichukua miezi miwili. Jambo la kwanza na la pili yalikubaliwa, lakini mama akiwa nyumbani halipwi kitu. La tatu bado. Dada yetu alirudi kwenye mizani yake baada ya kukaa miezi mitano bila insentivu tangu ajifungue. Miezi ile miwili ya kusubiri jibu, kila mmoja wetu alikuwa anapeleka kwake kipande cha sabuni. Ni kidogo, tena tulichelewa. Aliyemwachia nafasi aliwekwa wa kwanza kwenye orodha, na mwenzetu mwingine aliporudi Burundi, akaingia. Leo wanapima meza moja.

Kazi haijaisha. Msimamizi wa zamu hajawahi kuwa mwanamke, ingawa wapimaji karibu wote ni wanawake. Tunasikia tena, "Mwanamke hawezi kuamuru wanaume." Ndugu zetu wa Burundi, Sylvie Kinigi alikuwa Waziri Mkuu wenu mwaka 1993, katika miezi migumu kuliko yote. Ndugu zetu wa Kongo, Aprili 2024 Judith Suminwa aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza katika nchi yetu. Na nchi iliyotupokea ilimwapisha Samia Suluhu Hassan kuwa Rais mwaka 2021. Kama nchi nzima inaweza kukabidhiwa kwa mwanamke, ghala moja la unga lina nini?

Akina baba, tunawaomba neno moja. Mume wa mmoja wetu siku za mgao anapika mwenyewe na kuwaogesha watoto. Wenzake wanamcheka, eti amelishwa limbwata. Yeye anawajibu, "Mimi nimelishwa ugali, na ugali huo ameupima mke wangu." Msimcheke. Bila yeye, mke wake asingekuwepo kwenye mizani, na pengine kopo lako lisingejaa.

Akina mama wenzetu, uchaguzi mwingine utakuja. Tumeshaomba kwamba safari hii kura iwe ya karatasi na sanduku, kila mtu na siri yake. Tukikubaliwa, hatutakuwa tena na sababu ya kumsingizia mume. Na hata mstari ukirudi, sisi kumi na mmoja tumekubaliana pa kusimama. Yule mwalimu tumeshamwendea nyumbani tukamwomba msamaha. Alitukaribisha uji, akasema atafikiri.

Tuonane siku ya mgao, na kadi zenu msisahau.

Ni sisi, akina mama wapimaji wa zamu ya asubuhi.