Sahihi Aliyotunyima Binti Yetu

Sisi ni akina mama kumi na wanne wa mtaa mmoja wa Mombasa. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukichanga kila mwezi kwa ajili ya mayatima wa madrasa yetu. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi, na hesabu zake zilikaa katika daftari moja lililotunzwa na mweka hazina wetu, mwanamke ambaye hatujapata kumtilia shaka.

Mwaka jana mfadhili mmoja alikubali kutuunga mkono, kwa sharti kwamba tumpelekee hesabu za miaka miwili zilizokaguliwa na mhasibu mwenye leseni. Hatukuona uzito wowote. Binti wa mweka hazina wetu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mitihani ya CPA, na sote tulikuwa tumekula pilau ya kumpongeza. Tukamwita baada ya sala ya Alasiri, tukamwekea daftari na kalamu, tukamwambia atie sahihi.

Alilifunga daftari taratibu, akasema, "Mama zangu, niwieni radhi. Sahihi hiyo mimi sina."

Tulikasirika. Mmoja wetu aliuliza karo ya miaka yote ile ilikuwa ya nini. Mamake aliinamisha uso kwa haya. Tulidhani ni kiburi cha elimu, kumbe ujinga ulikuwa wetu.

Alitueleza kwa upole kwamba njia ina milango mitatu. Wa kwanza ni mitihani ya KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969. Mwanafunzi huingia kwa wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, na aliyepungukiwa huweza kuanzia ngazi ya chini akapanda. Hupita ngazi tatu, na katika kila karatasi hutakiwa kupata nusu ya alama au zaidi. Wengi husoma usiku baada ya kazi za mchana. Binti yetu mwenyewe alirudia karatasi ya kodi mara mbili, nasi hatukuwa na habari.

Mlango wa pili ni kusajiliwa kuwa mwanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu iliyo chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008. Taasisi hiyo huwataka wanachama wake waendelee na mafunzo kila mwaka, na huweza kumwadhibu anayekiuka maadili ya kazi. Mlango wa tatu ndio tuliokuwa tukiutaka sisi bila kuujua: cheti cha kuendesha kazi ya ukaguzi pamoja na leseni ya kila mwaka. Hapewi mtu ila baada ya kupata uzoefu katika kazi hiyo ya ukaguzi. Binti yetu alikuwa ameuvuka mlango wa kwanza tu.

"Na hata ningekuwa na leseni," akaongeza, "nisingeweza kulikagua daftari la mamangu. Mkaguzi hapaswi kuwa na la kumvuta upande wowote."

Hapo mamake akainua uso. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Mwanangu amesema kweli."

Sahihi alitunyima, lakini msaada hakutunyima. Kwa Jumamosi sita alikaa nasi akipanga risiti moja baada ya nyingine. Ndipo ikadhihirika kwamba shilingi 18,400 za mayatima zilitumika kuezekea paa la madrasa. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba ni mkopo, kisha tukasahau. Hakuna aliyekula hata senti, lakini hakuna aliyeandika. Tuliona fedheha, maana aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni na kuandikwa kwake, nasi watoto wetu huisoma katika madrasa hiyo hiyo. Tulichanga upya tukazirudisha.

Kisha tulimtafuta mkaguzi, tukahakikisha kwanza kwamba ana leseni ya mwaka huo, tukamlipa. Aliuliza maswali ambayo mtoto wetu angeona haya kutuuliza. Kosa la paa aliliandika katika ripoti yake bila kulificha. Mfadhili alilisoma, akatuuliza, tukamjibu, na msaada ukaja baada ya miezi minne.

Tumeyaandika haya kwa ajili ya wazazi wenzetu. Binti amalizapo mitihani, majirani humwita mhasibu, na nyumbani huanza kuulizwa mbona mshahara ni mdogo, mbona anachelewa kurudi. Binti yetu sasa ni msaidizi katika ofisi ya wakaguzi. Hupanga stakabadhi za watu na kuhesabu bidhaa ghalani, na nauli humalizia mamake. Miaka hii isiyo na pilau ndiyo inayomjenga. Tukimhimiza akimbilie sahihi kabla ya wakati wake, tutakuwa tumemfundisha kuivunja amana kabla hajakabidhiwa.

Siku atakapopata leseni, inshallah, tutapika tena, sufuria kubwa kuliko ya kwanza. Hesabu zetu tutampelekea mtu mwingine.