Safari ya Same na watoto: Usimnyime maji kwa kuogopa 'kuchimba dawa'

Basi lililotoka Dar es Salaam alfajiri likishapita Korogwe, abiria wameshakula na wengi wanasinzia. Mtoto wa miaka minne anaamka na kuomba maji. Jibu analopewa mara nyingi ni lile lile: "Subiri tufike." Mama ana hesabu yake. Mtoto akinywa sasa, baada ya nusu saa atataka kukojoa. Dereva ameshasimama mara moja watu wakachimba dawa, na hatasimama tena kwa ajili ya mtu mmoja. Basi ni bora mtoto avumilie.

Tatizo ni mahali anapoambiwa avumilie. Kuanzia Mombo kwenda mbele barabara inaingia kwenye ukanda wa mkonge na miiba. Mkono wa kulia inasimama milima ya Pare, mkono wa kushoto ni tambarare kavu, kisha zinafuata Hedaru, Makanya na hatimaye Same. Mtoto aliyenyimwa maji tangu Korogwe anafika stendi ya Same mchana, joto likiwa kilele, akiwa ameshaanza kukaukiwa mwili. Na hapo likizo ndiyo kwanza inaanza.

Wageni wengi wanaokwenda Same mwisho wa mwaka si watalii wenye kamera kubwa. Ni Wapare wanaorudi nyumbani na watoto waliozaliwa mjini, pamoja na wakwe na marafiki wanaotaka kuiona Mkomazi na milima. Watoto wa Dar es Salaam joto wanalijua, hivyo wazazi hudhani Same haitawasumbua. Lakini joto la Dar ni la unyevu: jasho linatiririka, nguo inaganda mgongoni, na mtoto mwenyewe analalamika. Same ni kukavu na kuna upepo. Jasho linakauka kabla halijaonekana, na mtoto anayecheza uani saa saba mchana anaweza kupoteza maji mengi huku shati lake likiwa kavu. Mzazi anayengoja kuona jasho ndipo aseme "kunywa maji" atakuwa amechelewa.

Ukavu huo unatokana na milima yenyewe. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zikiwa na unyevu hupanda upande wa mashariki wa Pare na kumwaga mvua huko juu. Zinaposhuka upande wa Same zimebaki na kidogo sana. Hata jina la Mkomazi, hifadhi inayopakana na mji huo, huelezwa kuwa limetokana na maneno mawili ya Kipare: mko, yaani kijiko, na mazi, yaani maji. Maji ya kujaza kijiko tu! Waliolitoa jina hilo waliijua nchi yao.

Turudi kwenye basi. Suala la kukojoa lina dawa, na dawa yake si kiu. Mtoto anayenywa vimeza vichache kila baada ya dakika 20 au 30 hapati shida ya ghafla kama anayeachwa na kiu saa tatu kisha akapewa chupa nzima aimalize. Kila basi linaposimama apelekwe chooni hata akisema hana haja. Kwa mdogo zaidi, kopo lenye mfuniko na kanga ya kumsitiri vinatosha. Aliyeacha nepi hivi karibuni anaweza kuvalishwa siku ya safari bila mtu kumcheka. Konda naye ni mtu. Akiambiwa mapema kwamba kuna mtoto, huwa anafahamu.

Kuna kosa jingine linalofanywa kwa mapenzi kabisa, nalo ni kumfunika mtoto mchanga. Ndani ya basi lenye joto utamwona kichanga akiwa na kofia ya sufi, sweta, soksi, na kanga mbili juu ili "asipigwe na upepo". Kichanga hawezi kupoza mwili wake kama mtu mzima, wala hawezi kusema kwamba anaungua. Avae nguo moja nyepesi ya pamba. Shingo yake ikiwa ya moto na imelowa, apunguziwe nguo. Na mtoto ambaye hajafikisha miezi sita hahitaji maji ya chupa hata Same. Shirika la Afya Duniani linaelekeza anyonyeshwe maziwa ya mama pekee, hata kwenye joto, ila anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Anayepaswa kuongeza maji ni mama.

Mjini Same, miezi ya Januari hadi Machi ndiyo yenye joto kali zaidi, na Desemba haiko mbali nayo. Nyumba nyingi zimeezekwa bati, na chumba kisicho na dari mchana huwa kama tanuri. Mtoto anayelazwa humo "apumzike na jua" amekwepa jua lakini amekutana na joto. Kivuli cha mti au baraza linalopitisha upepo ni bora kuliko chumba hicho. Michezo na ziara za sokoni zifanywe kabla ya saa nne asubuhi, kisha baada ya saa kumi jioni. Na mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa vioo, hata kwa dakika za kununua vocha. Ndani ya dakika 10 tu joto la gari lililo juani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi.

Dalili za kukaukiwa maji mwilini mzazi anaweza kuziona bila kipimo chochote. Mkojo unakuwa wa njano iliyokolea, au nepi inakaa kavu kwa saa sita. Midomo inakauka, macho yanaingia ndani, na mtoto analia bila machozi. Kwa mchanga, utosi unadidimia. Pakiti mbili au tatu za ORS kwenye begi ni mzigo mwepesi kuliko pakiti ya biskuti. Pakiti moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi na salama, si nusu lita ili "ikolee", na kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Soda haichukui nafasi yake.

Mtoto akianza kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo, kutetemeka kwa degedege au kupoteza fahamu huku mwili ukiwaka moto, hiyo si kiu tena. Joto la mwili likifika nyuzi 40, ubongo uko hatarini. Avuliwe nguo, apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa, huku usafiri ukitafutwa. Paracetamol haisaidii joto la namna hii, na asiyejitambua asinyweshwe chochote. Same mjini kuna hospitali ya wilaya. Kwa walio upande wa Maore kuna hospitali ya Gonja.

Kwa wanaoingia Mkomazi, lango la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini. Waende alfajiri. Wanyama wenyewe mchana hujificha vichakani, na mtoto aliyekaa saa tano garini bila kuona hata swala hatafurahia faru wala mbwa mwitu. Maji ya kutosha yabebwe kutoka mjini.

Kisha familia inapanda mlima, na hapa wageni wengi hukosea kwa namna nyingine. Same iko chini kidogo ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, Mbaga iko juu ya mita 1,300, na kilele cha Shengena kinafika mita 2,462. Kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa zaidi ya nusu nyuzi. Ukiwa kwenye migomba na ukungu, unaona jua limekwisha. Baridi imekuja kweli, ila ile mionzi ya jua inayochoma ngozi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000 za kupanda, na mawingu mepesi hayaizuii.

Kwa mtoto mwenye ualbino jambo hili ni kubwa. Saratani ya ngozi ni miongoni mwa vinavyowaua zaidi watu wenye ualbino barani Afrika, na huanza na kuungua kwa utotoni. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kujikinga na jua vitumike hata siku ya ukungu. Losheni ya Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, hutengenezwa KCMC, Moshi, si mbali na Same. Familia inayopita Moshi inaweza kuulizia hapo utaratibu wa kuipata.

Mtoto mwenye selimundu naye ana hatari pande zote mbili. Kukaukiwa maji tambarare kunaweza kumwamshia maumivu makali, na baridi ya usiku kule mlimani, au kuoga maji ya kijito, kunaweza kumwamshia maumivu yale yale. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, hivyo si jambo la familia moja moja. Dawa zake za kliniki zisisahaulike Dar, aoge maji ya moto, na wazo la kumpandisha Shengena lizungumzwe kwanza na daktari wake.

Bibi atapika makande, na yatakuwa mengi. Yaliyobaki yasikae sufuriani tambarare tangu mchana hadi usiku. Joto likizidi nyuzi 32, chakula kilichopikwa ni salama kwa saa moja tu kikiwa nje ya jokofu. Watoto wataonyeshwa pia ndiva, yale mabwawa ya jadi ambamo Wapare hukusanya maji usiku ili wamwagilie mashamba mchana. Ni kitu cha kujivunia, lakini si bwawa la kuogelea. Mtoto wa mjini asiachwe hapo bila mtu mzima, na mifereji ya mashamba ya mpunga kule Ndungu na Maore isifanywe ya kuchezea kwa sababu ya kichocho.

Kule kwenye mpunga kuna mbu pia. Mtoto akipata homa usiku baada ya kushinda juani, kauli ya haraka ni "jua tu hilo, litaisha". Hakuna anayeweza kujua kwa kumgusa paji la uso. Apelekwe zahanati akapimwe malaria kwa kipimo cha haraka siku hiyo hiyo, wala asingojewe arudi mjini.

Mvua za vuli zikiwa kubwa, wenyeji ndio wa kusikilizwa kuhusu barabara za juu. Novemba 2009 maporomoko ya udongo yaliua watu katika kijiji cha Goha, Mamba Myamba. Mwenyeji akisema "leo hatushuki", mgeni asimshawishi kwa sababu ya tiketi ya basi.

Siku ya kuondoka, gari hushuka asubuhi mapema na baridi bado ipo. Watoto wanapakiwa wakiwa na masweta, wengine wamelala, na hakuna anayependa kumwamsha aliyelala. Saa moja au mbili baadaye gari liko tambarare, jua limepanda, na mtoto bado yumo ndani ya sweta lile lile. Livuliwe kwenye kona za mwisho za mlima, hata akilia kidogo, na chupa ya maji iwe karibu na mkono wake kabla ya stendi.