Rangi ya Bahari

Katika kurasa hizi waalimu wenzetu wameandika mara nyingi juu ya hesabu, na kusoma, na bustani za shule. Sisi leo twaomba nafasi tuandike juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa mchezo wa watoto, yaani kuchora picha za pwani na kuzipaka rangi. Hatuandiki kwa kuwa sisi ni mafundi. Twaandika kwa sababu kazi hii ilitutia katika kosa, na kosa lile likatufundisha zaidi ya tulivyofundishwa chuoni.

Sisi si wenyeji wa pwani. Tulizaliwa bara, na bahari tuliiona kwanza katika kitabu: maji ya buluu, chombo chenye matanga mawili meupe, na jua linazama majini. Tulipoingia chuo cha ualimu cha misioni, mwalimu wetu alichora picha ile ile ubaoni kwa chaki, nasi tukainakili hata tukaweza kuichora macho yamefumbwa. Hatumlaumu. Alitupa alichokuwa nacho, na mkono wetu ukapata adabu. Lakini hapana aliyetuambia twende tukatazame. Basi tulipopelekwa kufundisha Pangani, penye mlango wa mto, tuliichukua bahari yetu ya kitabuni tukaenda nayo, tukawafundisha watoto waliozaliwa kando ya bahari yenyewe.

Siku moja, wakati wa masika, tuliwaambia watoto wa darasa la 5 wachore bahari. Wote wakachora kama tulivyowafundisha, ila mtoto mmoja, mwana wa mvuvi. Yeye aliyapaka maji rangi ya udongo, kama chai iliyotiwa maziwa, na mbali kabisa akatia mstari mwembamba wa kijani. Tukamwuliza, "Bahari gani hii?" Akajibu, "Hii ya hapa, mwalimu." Wenzake wakacheka, nasi, Mungu atusamehe, tukacheka pamoja nao. Kisha tukachukua kalamu ya wino mwekundu, tukapiga alama ya kosa juu ya maji yale, tukaandika chini yake, "Bahari ni buluu." Mtoto hakulia wala hakubisha. Aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na safari ya kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi. Tukasimama kivukoni tukingoja pantoni, na kwa kuwa hatukuwa na kazi, tukatazama upande wa bahari. Maji yalikuwa na rangi ya udongo. Mto Pangani hupata maji yake katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, nao husafiri kilomita 500 hivi kabla ya kufika hapa. Wakati wa masika huchukua udongo wa mashamba ya watu njiani, ukaumwaga mlangoni. Udongo ule ulikuwa umetandaa mbali juu ya maji ya chumvi, na pale ulipokoma palikuwa na mpaka ulio wazi kama upindo wa nguo, na ng'ambo ya mpaka maji yalikuwa ya kijani. Hata ule mstari mwembamba wa mtoto ulikuwako. Tulikuwa tumevuka pale muda wa miaka 2, masika na kiangazi, wala hatukuwa tumeuona.

Wahenga walisema, macho hayana pazia. Maana yao ilikuwa kwamba jicho halizuiwi kutazama, na jambo hilo ni kweli. Walakini siku ile tulijua ya kuwa pazia lipo, nalo hufumwa na kitabu, na ubao, na mazoea, na maneno ya wale tuwaheshimuo. Mtu huyaelekea maji, naye asione maji, bali jina la rangi aliyoambiwa.

Jumatatu tulisimama mbele ya darasa. Twakiri ya kuwa usiku wake hatukulala vema, kwa maana mwalimu huogopa sana kupungukiwa na heshima. Tukasema, "Watoto, mwenzenu alichora sawa, na mwalimu wenu ndiye aliyekosa. Tulimcheka, naye alikuwa amesema kweli. Twamwomba radhi mbele yenu." Darasa likanyamaza kimya. Mtoto akainamisha kichwa, akasema polepole, "Yameisha, mwalimu." Lakini yalikuwa hayajaisha. Tangu siku ile hata mwisho wa mwaka hakuchora tena. Tulipogawa karatasi aliipokea yake kwa adabu, akaandika jina lake juu, akairudisha tupu.

Tulipoona hivyo tulikwenda nyumbani kwa baba yake. Tukamwambia, "Shikamoo mzee, tumekuja kwa ajili ya mwanao," tukamweleza habari yote. Mzee alitusikiliza hata mwisho, akasema, "Mwalimu, kesho njoo alfajiri." Tukaenda, akatupakia katika ngalawa yake. Tulipofika nje ya mlango, akatuonyesha. Palipo na mchanga chini, maji huwa ya kijani cheupe. Palipo na majani ya bahari huwa ya giza. Penye madoa ya kahawia pana mwamba karibu, jihadhari. Kilindini ndiko kwenye buluu nzito. Akasema, "Mtoto yule nilimfundisha rangi za maji kabla hajajua kusoma, kwa kuwa asiyezijua hupanda mwamba, yeye na waliomo chomboni."

Hapo ndipo tulipoufahamu uzito wa alama yetu ya wino. Tulidhani tumesahihisha karatasi ya mtoto. Kumbe tulikuwa tumemwambia ya kuwa elimu ya baba yake, ambayo ndiyo iliyomrudisha baba huyo nyumbani kila siku, ni uongo. Na tulimwambia hayo mbele za watu, tukicheka.

Tangu hapo tulibadili mafundisho yetu. Kila Alhamisi, saa 10 jioni, tuliwachukua watoto pwani. Tukaweka sheria moja, kwamba hapana kuchora kabla ya kutazama robo saa na kumwambia mwenzako ulichokiona. Tena kila mtoto alitoboa tundu dogo, kadiri ya punje ya hindi, katika karatasi nyeupe. Karatasi ile ikiinuliwa mbele ya jicho moja huvificha vitu vingine vyote, na rangi hubaki peke yake, haina jina. Kwa tundu lile waliona ya kuwa mchanga uliolowa huchukua rangi ya mbingu; na kwamba ukuta wa chokaa, upande wa kivuli, si mweupe wala si mweusi, bali una buluu hafifu; na kwamba makuti ya mnazi, jua likiyapiga kwa nyuma, yana manjano mengi kuliko kijani.

Siku nyingine tuliwauliza, "Bahari na mbingu zakutana wapi?" Tukawaambia kila mmoja ashike kijiti, kikiwa kimelala sawasawa mbele ya macho yake. Mstari wa bahari ukalala juu ya kijiti. Wakaketi, nao ukashuka pamoja nao. Wakapanda juu ya tuta la mchanga, nao ukapanda. Wakashangilia kana kwamba bahari inawafuata. Hivyo walijua ya kuwa upeo wa macho hukaa usawa wa macho ya atazamaye, na kwamba mtu mzima asimamaye ukingoni mwa maji huona kiasi cha kilomita 4 na nusu tu, kisha bahari humwinamia ikajificha.

Habari ya jua ilitutia haya. Picha yetu ya kitabuni ilikuwa na jua linalozama majini. Lakini Pangani yaelekea mashariki: jua hutoka baharini, na jioni huzama nyuma ya minazi, na vivuli vya minazi hutambaa kwenda majini. Miaka yote ile watoto walikuwa wamechora jua la pwani za watu wengine, wala hapana aliyeuliza. Na chombo vilevile: walichora matanga mawili, na huku mbele yao ngalawa zinapita na mbao zao mbili za ubavuni, na tanga moja la pembe tatu lililofungwa katika foromali.

Tena walijifunza kwamba mahali hapabaki pale pale. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa dakika 50 hivi. Basi aliyechora Alhamisi maji yamejaa, akirudi Alhamisi ya pili saa ile ile, huyakuta yamekupwa, na mashua zimelala ubavu juu ya matope. Na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakaenda mbali sana, yakaonekana mawe ambayo siku za maji mafu hayaonekani kabisa. Rangi za dukani zilikuwa chache, kwa hiyo tulitumia makaa, masizi, chokaa, manjano ya jikoni, buluu ya kufulia nguo, na udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa, tukachanganya na kiini cha yai ili zishike.

Tulipokuwa tukitafuta msaada vitabuni tulikuta habari za Eugène Boudin, mtu wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1824 katika mji wa Honfleur, mwana wa baharia. Katika mji wa bandari wa Le Havre alikuwa na duka la karatasi na fremu za picha. Hakuwa mwalimu wa shule. Lakini alimwona kijana mmoja, Claude Monet, aliyekuwa akipata fedha kwa kuchora watu kwa mzaha, akamsihi waende wote nje wakachore bahari na mbingu pale pale zilipo. Kijana mwanzoni hakutaka. Mwishowe akaenda, na alipokuwa mzee mwenye sifa alikiri ya kuwa Boudin ndiye aliyemfumbua macho. Mwaka 1872 Monet alichora bandari ile ya Le Havre wakati wa macheo, katika ukungu. Picha ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874 wako walioicheka, wakiiona kama kazi isiyokwisha. Leo yajulikana duniani pote.

Katika habari hizo lilitupendeza jambo moja dogo. Boudin alikuwa na desturi ya kuandika katika picha zake za mbingu siku, na saa, na upepo uliovuma. Hakusema, "Hivi ndivyo mbingu ilivyo." Alisema, "Hivi ndivyo ilivyokuwa saa ile." Tukaishika desturi hiyo, watoto wakaandika nyuma ya kila picha: Alhamisi, saa 10 jioni, maji yanakupwa, kusi. Faida yake ni kwamba watoto wawili wakichora bahari mbili mbalimbali, hapana haja ya kumwita mmoja mwongo. Huangalia kwanza nyuma ya karatasi.

Wako wazazi waliotuuliza, "Mwalimu, mtoto atakula picha?" Twajibu, la, hatakula, na wengi wao hawatakuwa wachoraji. Lakini mtoto aliyezoea kutazama kabla ya kusema atakuwa nahodha mwangalifu, na mkulima ajuaye majani yaliyoanza kuugua, na mwuguzi aonaye uso wa mgonjwa umebadilika tangu asubuhi. Nasi twakumbuka yule kipofu wa Bethsaida katika Injili ya Marko. Bwana alimgusa, naye akaona, lakini watu na miti vilimchanganyikia. Akamgusa mara ya pili, ndipo akaona vyote wazi. Tukiwa watoto tulishangaa kwa nini haikutosha mara moja. Sasa hatushangai. Sisi tulifumbuliwa macho tulipozaliwa, tukaguswa mara ya pili na mtoto wa darasa la 5, nasi tukampa alama ya kosa.

Mwaka uliofuata mtoto yule alianza tena, kidogo kidogo. Kwanza aliwasahihisha wenzake katika mambo ya vyombo, akisema, "Foromali haikai hivyo." Kisha siku moja alichukua kaa mkononi mwa mwenzake ili amwonyeshe, akachora, akaendelea kuchora. Sisi tulitazama kando, tusiseme neno.

Alipomaliza darasa la 7 alikuja kutuaga. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema, "Mwalimu, iweke wewe." Ilikuwa picha ile ile, yenye alama yetu nyekundu juu ya maji. Tukaigeuza. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: masika, asubuhi, maji yanajaa, kusi.

Waalimu wenzetu, kalamu ya wino mwekundu ni chombo chema, nasi hatusemi itupwe. Twasema tu, kabla hujaipiga juu ya kazi ya mtoto, toka nje kwanza ukatazame. Picha ile tumeitundika ukutani darasani. Watoto wapya huuliza kwa nini ina alama ya kosa, nasi huwaeleza ni kosa la nani.