Pua yangu nusura inivunjie ndoa

Miaka miwili ya mwanzo ya ndoa yangu nilikuwa na kichupa nilichokificha kuliko simu. Kilikaa chini kabisa ya mkoba. Si pombe wala limbwata. Ilikuwa dawa ya kupuliza puani.

Tangu nipo chuo pua zangu zilikuwa zinaziba. Mara tundu la kulia, mara la kushoto, usiku yote mawili. Shangazi alinifukiza kwa majani ya mkaratusi hadi akachoka. Nilipokutana na ile dawa nikaona nimepona: napuliza, dakika chache tu nahema kama watu. Ikawa asubuhi, mchana ofisini, na usiku najifungia bafuni.

Jamani, mwanamke kukoroma ni aibu! Nilikuwa nasubiri mume wangu asinzie kwanza ndipo na mimi nilale. Na busu je? Jaribu kumbusu mtu huku umeziba pua, utanielewa. Sekunde chache tu nageuza uso nitafute hewa. Mwenzangu akawa anahesabu.

Usiku mmoja akaniuliza taratibu, "Mama, niambie ukweli. Kuna mtu mwingine?" Nikacheka. Kumbe hatanii. Akabeba mto wake akaenda kulala sebuleni.

Nikamfuata na kichupa mkononi. "Huyo mtu mwingine ndiye huyu," nikamwambia, nikaanza kulia.

Wiki iliyofuata tulikwenda wote wawili kwa daktari wa masikio, pua na koo. Aliingiza kamera nyembamba puani. Ukuta wa katikati haukuwa umepinda, na uvimbe haukuwepo. Tatizo lilikuwa nyama za pua, zile ambazo kila mtu anazo pembeni ndani ya pua, kazi yake kuipasha hewa joto na kuipa unyevu. Zangu zilikuwa zimevimba kwa aleji. Halafu akaniuliza natumia nini. Nikamtazama mume wangu, nikataja.

Ile dawa, alisema, inabana mishipa ya damu. Ukiitumia zaidi ya wiki hivi mfululizo, pua inaizoea: nguvu yake ikiisha, nyama zinavimba kuliko mwanzo. Kumbe nilikuwa nanunua ugonjwa wangu mwenyewe!

Hakukimbilia leza. Kwanza niliacha kile kichupa, akanipa dawa nyingine ya kupuliza ya kupunguza uvimbe, na kuosha pua kwa maji ya chumvi. Siku za kwanza ziliniliza. Baada ya miezi mitatu nilipata nafuu, lakini usiku bado naziba. Hapo ndipo tukapanga leza.

Nilipigwa ganzi ya puani tu, macho yakafunikwa kuyakinga na mwanga. Maumivu hayakuwa mengi. Kilichonisumbua ni harufu ya kuungua, ukijua anayeungua ni wewe. Jioni nilikuwa nyumbani. Msidanganyike lakini: wiki ya kwanza niliziba kuliko zamani, pua imejaa magamba. Mume wangu ndiye aliyekuwa ananiandalia maji ya chumvi asubuhi na jioni. Baada ya wiki kadhaa njia ikafunguka.

Daktari alinieleza wazi kwamba leza haiondoi aleji, na baada ya miaka nyama zinaweza kuvimba tena. Wala hawachomi zote, maana pua ikibaki tupu nayo ni mateso. Aliniambia pia kwamba mtu anayekoroma huku pumzi inakatika usingizini achunguzwe zaidi, maana tatizo huenda lisiwe pua peke yake.

Siku hizi nalala wa kwanza, mdomo umefungwa. Lakini ukiniuliza ni kipi kilichookoa ndoa yangu, nitakwambia ni ule usiku wa sebuleni, leza ilikuja baadaye. Kama na wewe una kichupa chako kwenye mkoba, mwonyeshe mwenzio kabla hajaanza kubuni majibu yake.