Walinzi wa Barabara ya Laibon

Mama aliwajua walinzi wa ubalozi wa Marekani kwa vyakula vyao kabla hajawajua kwa majina. Kulikuwa na wa chapati mbili na chai ya rangi. Kulikuwa na wa supu, ambaye alikatazwa pilipili kwa sababu ya vidonda vya tumbo lakini akiiomba kila siku. Na kulikuwa na mzee mmoja aliyepita jeshini, tukimwita Afande, mtu wa wali maharage na maneno machache. Genge letu lilikuwa chini ya mkungu, Oysterbay, hatua kama 300 kutoka geti la ubalozi, Barabara ya Laibon. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka 1997, sikuchaguliwa kuendelea, na kazi yangu ikawa kuosha sahani na kuandika madeni. Mshahara wa walinzi ulitoka mwisho wa mwezi, na njaa haina mwisho wa mwezi, kwa hiyo daftari lilikuwa refu.

Kwa kukaa pale nikaijua kazi yao. Gari likifika wanalisimamisha nje, wanapitisha uvunguni kioo chenye mpini mrefu, wanafungua boneti, wanatazama buti, ndipo geti linafunguliwa. Jua, mvua, ni hivyo hivyo. Wale niliowajua mimi walikuwa na kirungu na redio ya upepo. Siku moja nilimuuliza Afande, "Mzee, ukikuta bomu humo chini utafanya nini?" Akanitazama kwa muda. "Nitakuwa nimeshalikuta, binti yangu." Sikumwelewa.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998 watu walikuwa na haraka ya sikukuu, kesho yake ilikuwa Nane Nane. Maji ya bomba ya Dar es Salaam miaka ile yalikuwa ya kubahatisha, hata kwa wakubwa wa Oysterbay, na boza la maji la ubalozi lilipita mbele yetu kama lilivyozoea. Haikuwa imefika saa tano kasorobo. Nilikuwa nimeinama nasugua sufuria.

Sikukumbuka mlio, na hadi leo siukumbuki. Ninachokumbuka ni majani ya mkungu kuanguka yote kwa pamoja, mabichi kwa makavu, kama mtu ameutikisa mti kwa hasira, na maharage ya mama kumwagika mchangani. Mama akasema, "Transfoma hiyo." Kisha tukaona moshi mweusi ukipanda upande wa geti, na mama akaacha kusema. Nilibeba ndoo ya maji ya kuoshea vyombo nikakimbia. Ndoo moja! Hata sijui nilidhani nitazima nini. Karibu na kona nilikutana na watu wanatoka, wana vumbi jeupe mpaka kwenye kope, wengine wanavuja damu, hakuna anayelia. Nikawapa yale maji ya sabuni wakanawa uso. Nilipoinua macho nililiona boza. Lilikuwa limerushwa hewani na kutua likiegemea jengo la ubalozi.

Jioni redio ikatangaza kwamba Nairobi nako kumelipuliwa, dakika chache kabla yetu. Kule walikufa watu 213. Kwetu, 11.

Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kuwa mwalimu, niliisoma taarifa ya tume iliyoongozwa na Admeri William Crowe, iliyotolewa Januari 1999. Niliisoma kwa kamusi, siku tatu. Hapo ndipo nilipojua kwamba ubalozi wa Dar es Salaam ulikuwa umewekwa katika daraja la chini la hatari ya ugaidi. Baada ya ubalozi wao wa Beirut kulipuliwa mwaka 1983, Wamarekani walijiwekea kanuni kwamba majengo mapya yakae umbali wa mita 30 hivi kutoka barabarani. Jengo la Laibon lilikuwa la zamani, lilijengwa kwa ajili ya ubalozi wa Israeli, na lori la bomu lililipukia kama mita 10 tu kutoka ukutani. Halikuweza kusogea zaidi kwa sababu boza lilikuwa mbele yake, getini, likikaguliwa. Nairobi, balozi Prudence Bushnell alikuwa ameiandikia Washington zaidi ya mara moja kwamba jengo lake, pale pembeni mwa barabara zenye shughuli nyingi, halikuwa salama. Jengo halikuhamishwa.

Na bomu la kwetu lilitayarishwa katika nyumba ya kupanga Ilala. Mama alinunua maharage Ilala kila wiki. Mmoja wa waliohukumiwa, Khalfan Khamis Mohamed, ni Mzanzibari. Alipewa kifungo cha maisha New York mwaka 2001. Jambo hili lilimuuma mama kuliko yote, kwamba aliyesaidia kusaga baruti ile na waliokuwa wakikagua magari walisalimiana kwa lugha moja.

Kuna sentensi moja ninayoisikia kila Agosti, kwamba Dar es Salaam hakufa Mmarekani hata mmoja. Ni kweli. Lakini husemwa kama shukrani, na mimi nashindwa kuipokea hivyo. Sidharau msiba wa mtu yeyote. Nairobi konsuli mkuu wao alikufa pamoja na mwanawe, na hakuna bendera inayopunguza kilio cha mama wa kijana yule. Ila kule Nairobi wafanyakazi wa ubalozi waliokufa walikuwa 44, Wamarekani 12 na Wakenya 32. Kwetu walinzi watano walikufa hapo hapo getini. Serikali inapozungumzia usalama wa watu wake walio ng'ambo, hawa nao ni watu wake. Waliamka alfajiri, wakapanda daladala, wakasimama mahali ambapo hatari ingefika kwanza, ili walioko ndani waendelee na kazi. Kama daraja la hatari lilikuwa la chini, walilijua wao?

Ubalozi mpya ulifunguliwa Msasani mwaka 2003, eneo kubwa, kuta mbali na barabara. Sisi tulikuwa tumeshahama.

Baada ya mlipuko ule, tulikwenda kwenye mazishi ya mmoja wa walinzi. Jina lake sitaliandika, ana watoto. Kabla ya kuzika, msemaji wa ukoo alisimama akauliza, kama ilivyo desturi, anayemdai marehemu ajitokeze, familia ipo. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wa mama. Deni lilikuwa shilingi 1,850, maana mwezi ulikuwa ndio kwanza umeanza. Mama hakusogea.

Baadaye shangazi wa marehemu alitufuata na sahani ya pilau. "Karibuni, dada. Samahani, wewe ni nani kwake?"

"Alikuwa anakula kwangu," mama akasema.