Kuvumilia Giza Si Kupenda Giza

Wasee, leo tuongee kuhusu mmea. Ndio, mmea. Ule mweusi ambao kila mtu anaupiga picha kando ya kitanda na kuandika eti hauhitaji jua, hauhitaji maji, hauhitaji chochote. Mimi niko na wangu mwaka wa pili sasa, kwa bedsita ya ghorofa ya kwanza hapa Nairobi, na nina maoni.

Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Wengi huuita ZZ, na ile aina yenye majani meusi inauzwa kwa jina la Raven. Hiyo nyeusi ilitokea Korea Kusini, na kule Marekani ina hataza, yaani huwezi kuizalisha uuze bila ruhusa ya mwenyewe. Lakini ule wa kijani ilikotoka ni wa huku kwetu. Unaota porini kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi mwaka wa 1996, na sasa umejaa kwa ofisi za dunia nzima. Binamu yangu wa Kwale alipouona kwa keja yangu alicheka: "Wee, umetoa pesa kwa hii? Kwetu iko kichakani, hakuna mtu hata anaiangalia."

Na kuwa wa kichakani ndio siri ya kuutunza. Chini ya udongo una vinundu kama viazi, na humo ndimo huweka maji. Kiangazi kikizidi unaangusha majani, unangoja, mvua ikirudi unachipua tena. Kwa hivyo ukiumwagilia kila siku kwa sababu ya mapenzi, unaozesha viazi. Mimi nangoja udongo ukauke hadi chini. Hiyo ni kama wiki mbili au tatu, na Julai Nairobi ikiwa baridi, hata mwezi mzima. Chungu lazima kiwe na matundu, na udongo uchanganywe na mchanga mwingi au kokoto ndogo ili maji yapite. Vumbi napangusa na kitambaa chenye unyevu. Usiuweke mahali mtoto au paka atatafuna, kwa sababu una chembe zinazowasha mdomo na koo.

Kitu kingine: jani jipya la Raven halitoki jeusi. Linatoka kijani cha ndimu, kisha linageuka polepole. Ukiona kijani usikimbilie kusema umeuziwa feki. Ngoja tu.

Sasa maoni yangu. Dirisha langu linatazama ukuta wa ploti ya jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa. Mwaka wa kwanza mmea ulikaa hapo. Haukufa. Majani yaling'aa vizuri kabisa, na kila mgeni aliusifu. Lakini haukutoa hata chipukizi moja. Baadaye mama mmoja wa ghorofa ya nne akakubali ukae kwake, karibu na dirisha la jua la asubuhi, nyuma ya pazia jepesi. Kabla miezi mitatu iishe, machipukizi mawili.

Hapo nikaanza kujiangalia mimi. Mimi pia nawasha taa saa sita mchana. Nguo zangu zinakauka siku tatu na bado zinanuka. Naamka nimechoka, sijui ni saa ngapi mpaka niangalie simu. Nikimwambia keateka, jibu ni moja: "Madam, utazoea." Na kweli nilizoea. Shida iko hapo. Sisi vijana tunasifiwa sana kwa kuzoea: keja ndogo, giza, kelele, vumilia tu. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini mti usiopata mwanga utazaa nini?

Mmea unaovumilia giza haujasema unapenda giza. Umesema tu kwamba hautakufa leo. Wanaojenga nyumba zenye dirisha la kutazama ukuta wanategemea tusijue hiyo tofauti.

Mwezi ujao nahamia ghorofa ya nne. Ni shilingi 1,500 zaidi kila mwezi, na hiyo pesa itauma, nimeshapiga hesabu ya vitu nitakavyoacha kununua. Najua si kila mtu anaweza kuongeza hata mia tano. Lakini kuna kitu kisicho na gharama: ukienda kuona keja, nenda mchana, mwambie keateka azime taa, kisha ufungue kitabu. Kama huwezi kusoma, hapo mmea utaishi tu bila kukua, na wewe pia.

Haya, niambieni: hapo kwako, jua linaingia saa ngapi?